Si wazimu wala si mapepo: Huenda ni uvimbe kwenye ubongo

KICHWA kinapouma, wengi wetu hatujisumbui. Mtoto hutumwa dukani alete Panadol au Mara Moja, tembe zikamezwa kwa maji, kichwa kikafungwa leso na kazi zikaendelea. Na mara nyingi huwa hatujakosea, kwani maumivu mengi ya kichwa hutokana na uchovu, njaa, homa, mawazo au kukosa usingizi.

Lakini kuna kichwa cha namna nyingine. Hicho humwamsha mtu alfajiri, humzidi akiinama au akikohoa, kisha hutulia kidogo akishaamka na kutembea. Kesho hurudi, na kesho kutwa, kila mara kikiwa kimeongeza nguvu. Baada ya majuma kadhaa mgonjwa huanza kutapika asubuhi ilhali hakula kitu kibaya. Kichwa cha aina hii chafaa kuonwa na daktari wala si mwenye duka.

Miongoni mwa mambo yanayoweza kukileta ni uvimbe kwenye ubongo. Maradhi haya si ya kawaida, na msomaji asianze kujipapasa kichwa akiwa amekishika gazeti hili. Ila yanapompata mtu, mara nyingi huchukuliwa kuwa kitu kingine kabisa, na miezi hupotea.

Ili kuelewa yanavyofanya kazi, fikiria fuvu kuwa sanduku la mfupa lililofungwa. Ndani yake mna ubongo wenye uzito wa karibu kilo 1.4, pamoja na damu na maji yanayouzunguka. Hakuna nafasi ya mgeni. Uvimbe ambao ungemea begani ungeweza kukaa miaka bila ya kumsumbua mwenyewe, labda shati tu likawa linambana. Ukimea ndani ya fuvu hauna pa kwenda, kwa hivyo husukuma ubongo wenyewe. La ajabu ni kuwa nyama ya ubongo haihisi maumivu. Kinachouma ni utando na mishipa ya damu inayovutwa na kubanwa, na ndiyo sababu uvimbe unaweza kukua muda mrefu kimya kimya.

Si kila uvimbe wa ubongo ni saratani. Kuna aina iitwayo meninjioma ambayo humea kwenye utando unaoufunika ubongo. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, hukua polepole, na mara nyingi ukitolewa wote mgonjwa hupona. Kuna glioma, zinazotokana na seli zinazoutegemeza ubongo wenyewe, na iliyo kali kuliko zote kati ya hizo ni glioblastoma. Halafu kuna saratani iliyoanza kwingineko, kama vile kwenye mapafu au matiti, ikasafiri kwa damu hadi kichwani. Kwa watu wazima, hii ya kusafiri ndiyo inayoonekana zaidi. Hata hivyo, neno "si saratani" lisimfanye mtu alale usingizi, kwani uvimbe mpole uliokaa mahali pabaya unaweza kuua vilevile.

Mashahidi ni watu wa nyumbani

Kila pembe ya ubongo ina kazi yake, kwa hivyo dalili hutegemea uvimbe umekaa wapi. Ukiwa upande wa kushoto, ambako watu wengi wana uwezo wa kusema, mtu huanza kupoteza maneno. Anataka kijiko lakini anasema "kile cha kukorogea." Ukiwa nyuma, macho hupoteza upande mmoja wa vitu; mwenyewe haoni tofauti, ila kila siku bega lile lile linagonga mlango. Mwingine sikio moja tu huvuma na kuziba, naye akadhani simu yake imeharibika. Mwingine mkono au mguu mmoja hulegea pole pole, viatu vikawa vinamvuka.

Kuna pia uvimbe wa tezi ndogo ya pituitari iliyo chini ya ubongo, ambayo huongoza homoni nyingi za mwili. Mwanamke anaweza kukosa hedhi na kutoka maziwa hali hanyonyeshi. Wangapi wameitwa tasa, wakazungushwa kwa waganga wa kila aina, kumbe tatizo liko kichwani na huenda likatibika kwa tembe? Si kila anayekosa mtoto ana uvimbe, bila shaka, lakini dalili hizo mbili zikija pamoja zinastahili kupimwa.

Uvimbe unaovunja nyumba zaidi, kwa maoni yangu, ni ule wa sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso. Huko ndiko mtu anakopangia mambo yake na kujizuia. Mume aliyekuwa mpole, asiyekosa kazini, anaanza kugombana na kila mtu. Anasahau karo ya watoto. Anakaa kimya siku nzima, au anasema maneno ya aibu mbele ya wakwe, au anakojoa penye watu, na hana habari kwamba kuna lililobadilika. Mkewe anashuku kuwa amepata mwanamke wa nje. Majirani wanasema ni pombe. Upande wa mume nao wanakutana jioni na kukata kauli kuwa ni mke aliyemtilia kitu kwenye chakula.

Katika kesi hiyo hakuna anayemtaja daktari. Na mgonjwa hawezi kujipeleka mwenyewe, maana kiungo ambacho kingemwambia kwamba anaugua ndicho kilichougua. Ndugu, mke au mwana ndiye anayepaswa kuingia naye chumbani kwa daktari na kueleza waziwazi: alikuwa hivi, tangu Pasaka amekuwa vile.

Kifafa nacho kina hadithi yake. Mtu mzima ambaye hajawahi kuanguka maishani, akianguka ghafla akatetemeka na kutoka povu, watu hukimbilia kusema ni mapepo. Huenda akaombewa, na maombi hayamzuii mtu kwenda hospitali. Lakini mtu mzima anayeanguka kwa mara ya kwanza anahitaji kupimwa ubongo, hata kama jioni yake amerudia hali yake na anacheka. Seneta Edward Kennedy wa Marekani alipatwa na kifafa mnamo Mei 2008, na uchunguzi ukaonyesha saratani ya ubongo. Alifariki Agosti 2009 licha ya kuwa na kila tiba ambayo fedha zingeweza kununua.

Kwa watoto, wazazi waangalie kutapika asubuhi kunakorudi rudi, kutembea kwa kuyumba, kichwa kuinamishwa upande mmoja na macho kuanza kwenda makengeza. Kwa mtoto mchanga, kichwa kinaweza kukua upesi kupita kiasi. Mara nyingi watoto hawa hutibiwa minyoo na malaria kwanza. Tiba ya minyoo si kosa, ila isirudiwe mara tatu kabla ya mtu kujiuliza swali jingine.

Picha na kisu

Zamani daktari alikuwa akibahatisha tu mahali uvimbe ulipo. Mnamo 1884 mjini London, Rickman Godlee alifungua fuvu la mgonjwa kwa kufuata dalili peke yake na akaukuta uvimbe pale pale ulipotarajiwa. Mgonjwa alikufa kama mwezi mmoja baadaye kutokana na maambukizi. Mambo yalibadilika tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko London, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe alipolazwa kwenye mashine ya kwanza ya CT. Iliundwa na mhandisi Godfrey Hounsfield, ambaye mwaka wa 1979 aligawana tuzo ya Nobel na Allan Cormack, mwana wa Afrika Kusini aliyekuwa amefanya hesabu zake kuanzia siku alizohudumu katika hospitali moja ya Cape Town.

Siku hizi mashine za CT zimo katika hospitali kadhaa za kaunti zetu. Zile za MRI, ambazo huonyesha ubongo kwa uwazi zaidi, ni chache na bei yake huumiza. Jambo moja lisisahauliwe: doa kwenye picha si hukumu. Katika nchi zetu doa hilo linaweza kuwa kifua kikuu cha ubongo, jipu, mabuu ya tegu wa nguruwe, au maambukizi yanayowapata wenye virusi vya HIV. Yote haya yana dawa. Ndiyo maana madaktari hupenda kukata kipande kidogo cha uvimbe na kukichunguza kabla ya kuupa jina.

Ikithibitika kuwa ni uvimbe hasa, kwa wengi upasuaji hutangulia. Mpasuaji hutoa kiasi anachoweza bila ya kuharibu sehemu inayomwezesha mgonjwa kusema au kutembea. Kwa ule mkali hufuata mionzi, kwa kawaida siku tano kwa juma kwa muda wa majuma sita, pamoja na tembe za temozolomidi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2005 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa wa glioblastoma waliopata mionzi na tembe hizo, nusu waliishi zaidi ya miezi 14. Zaidi kidogo ya mmoja kati ya wanne walikuwa hai baada ya miaka miwili, ikilinganishwa na mmoja kati ya kumi waliopata mionzi peke yake. Si takwimu za kufurahisha, lakini ni afadhali familia izijue kuliko kuuza shamba lote kwa kuahidiwa muujiza.

Wagonjwa wengi wa Pwani na Kaskazini Mashariki walilazimika kuhamia Nairobi kwa ajili ya mionzi kabla ya vituo kufunguliwa Mombasa na Garissa, na kingine Nakuru. Bima ya NHIF nayo iliondolewa Oktoba 2024 na mahali pake pakachukuliwa na SHA, kwa hivyo kabla ya kuanza tiba ni vyema kuuliza katika ofisi ya hospitali ni kiasi gani hasa kitalipwa na kipi kitabakia kwa mgonjwa.

Watu huuliza pia kuhusu simu za mkononi. Mwaka wa 2011 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliziweka katika kundi la vitu vinavyoshukiwa tu. Uchunguzi mkubwa wa tafiti nyingi, ulioagizwa na shirika hilo na kutolewa 2024, haukupata uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Maradhi haya hayaambukizi, na ni mara chache sana kwamba hurithiwa.

Chakula cha jioni cha dada yake Penfield

Mnamo 1928 daktari Wilder Penfield, mpasuaji wa ubongo mjini Montreal, Kanada, alimpasua dada yake wa tumbo moja. Hapa kwetu wengi wangesema mkono ungemtetemeka. Alikata sehemu kubwa ya mbele ya ubongo wake, upande wa kulia. Dada huyo alipata nafuu, akarudi nyumbani kwa watoto wake, akawa anazungumza vizuri na wageni.

Zaidi ya mwaka mmoja baadaye, kaka yake alipokuwa amemtembelea, alitaka kupika chakula cha jioni cha mgeni mmoja na watu wanne wa nyumbani. Saa ilipofika alikutwa jikoni amechanganyikiwa. Vyakula vyote vilikuwapo, kimoja au viwili vilikuwa motoni, lakini nyama haikuwa imeanza kupikwa wala saladi haikuwa tayari. Kila kazi aliijua. Kuzipanga ndiko kulikomshinda. Aliposaidiwa kidogo, chakula kiliandaliwa. Uvimbe ulirudi na akafariki 1931, na Penfield akaandika habari hizo ili madaktari wengine wajifunze.

Naona kisa hicho kingefaa kusomewa kila familia inayompokea mgonjwa kutoka wodini. Anaonekana mzima, kovu limefunikwa na nywele, na watu wanaanza kusema ni mvivu. Mpe kazi moja kwa wakati mmoja. Mwandikie ukutani mambo ya siku. Asiachwe peke yake na jiko la makaa au sufuria ya maji moto, asiendeshe gari wala bodaboda hadi daktari amruhusu.

Akishikwa na kifafa, mlaze ubavu, mlegezee nguo shingoni, umwekee kitu laini chini ya kichwa. Usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize, wala usimnusishe kiatu. Tazama saa, zikipita dakika 5 hajatulia, tafuta gari. Dawa za kifafa zisikatizwe kwa sababu eti mwezi mzima hajaanguka. Ile ya deksamethasoni, inayopunguza uvimbe kuzunguka jeraha, huleta njaa ya ajabu, uso wa mviringo, sukari kupanda na kukosa usingizi usiku, lakini kuiacha ghafla ni hatari. Hupunguzwa kwa maagizo ya daktari.

Pale tiba inaposhindwa, bado kuna kazi ya kufanya. Nairobi Hospice imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wa namna hii tangu 1990, na huduma kama hizo zimeenea katika miji mingine na hospitali kadhaa. Huko wanajua kutuliza maumivu na kutapika, na humfundisha mke au binti namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda.

Mazungumzo mazito yasingoje siku hizo. Saratani ya ubongo huweza kumnyang'anya mtu usemi miezi kadhaa kabla ya kumwua. Mambo ya hati ya shamba, deni la chama, karo ya mtoto wa mwisho na mahali anapotaka kuzikwa huzungumzwa mgonjwa akiwa bado anaweza kujibu, mke na ndugu wakiwa wameketi pamoja, na mmoja wao akiandika.