Simamisha Saa Kwanza, Ndipo Useme

Ichukuliwe kwamba ni Jumapili alasiri huko Kizuka, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na timu ya mahali hapo imewakaribisha wageni kutoka Rumonge kwa pambano la sataranji, mchezo ambao wengi nchini Burundi huujua zaidi kwa jina la Kifaransa, échecs. Wavuvi wa ndagala wanangoja usiku uingie. Watazamaji ni wengi, na kila mmoja ana lake la kusema. Mezani wameketi sajini mtu mzima na kuruta wa miaka kumi na minane. Sajini anamnyanyua farasi wake, anamweka, anamwachia, kisha anamshika tena na kumpeleka kwingine. Kuruta ameona. Je, aseme au anyamaze?

Ugomvi mwingi wa ligi ndogo huanzia katika ukimya wa namna hiyo. Sheria yenyewe ni wazi. Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, lililoundwa Paris mwaka 1924, linaamuru kwamba kete iliyoguswa kwa nia ya kuchezwa lazima ichezwe ikiwa ina njia halali, na iliyokwisha kuachiwa mahali halali haihamishwi tena. Atakaye kuinyoosha tu kete iliyokaa upande hutangulia kusema “j'adoube”. Sehemu isiyojulikana na wengi ni hii: mwenye malalamiko hupoteza haki yake mara tu anapoigusa kete yake mwenyewe kwa nia ya kucheza. Manung'uniko ya njiani kurudi nyumbani hayahesabiwi.

Wala jambo hili si la wanagenzi pekee. Mwaka 1994, mjini Linares, Hispania, Garry Kasparov alicheza na Judit Polgár, msichana wa Hungaria mwenye miaka 17. Kasparov alimweka farasi, vidole vikamtoka, kisha akabadili mawazo na kumpeleka penginepo. Picha za televisheni zilionyesha baadaye kwamba kweli aliachia, ingawa kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Polgár hakumwita mwamuzi, na mchezo akashindwa. Heshima kwa mkubwa ni jambo jema, lakini ubao wa sataranji hautambui cheo wala umri.

Basi afanyeje mwenye kudai? Asimamishe saa, asiguse kete yoyote, na amwite mwamuzi kwa sauti ya upole. Mtazamaji aliyeona kosa humwambia mwamuzi peke yake. Kupiga kelele mezani ni kosa jingine. Katika mchezo wa muda mrefu, aliyecheza mwendo usio halali na kubonyeza saa hurudishwa nyuma, na mpinzani wake huongezewa dakika mbili. Akirudia mara ya pili, kwa kawaida hushindwa.

Kusimamisha saa kuna faida nyingine. Mwaka 2017, katika mchezo wa kasi wa kuamua ubingwa wa Kanada, Nikolay Noritsyn alifikisha kitunda chake mstari wa mwisho asimwone malkia karibu. Mpinzani wake Bator Sambuev alikuwa naye mkononi. Kwa haraka Noritsyn aliweka ngome juu chini na kuiita malkia. Mwamuzi akaamua kwamba ngome ni ngome, hata ikigeuzwa, na rufani haikufaulu. Uamuzi huo ni mchungu, lakini sheria inamruhusu mchezaji kusimamisha saa ili aombe kete anayoihitaji.

Na pasipo mwamuzi, kama ilivyo mara nyingi vijijini? Kwa michezo ambayo muda ukiisha hauongezwi, FIDE imeweka utaratibu. Mchezaji aliyebakiwa na muda usiotimia dakika mbili, na ambaye mpinzani wake hawezi kumshinda kwa njia za kawaida au hafanyi juhudi ya kumshinda, aweza kudai sare kabla ya muda wake kwisha. Mchezo husimama hapo. Huandikwa mahali ilipo kila kete, mpinzani huthibitisha, na karatasi hupelekwa kwa mwamuzi aliyeteuliwa tangu mwanzo. Dai la kwamba mpinzani hafanyi juhudi lazima liambatane na orodha ya miendo yote iliyochezwa. Kwa hiyo manahodha wakubaliane juu ya jina la mwamuzi huyo kabla ya kete kupangwa, maana baada ya ugomvi kuzuka kila upande humtaka mjomba wake. Penseli nazo ziwe za kutosha. Ni kitu kidogo, lakini mchezaji asiyeandika hana ushahidi.

Huko Kizuka, kuruta anaondoa mikono juu ya ubao. Anasimamisha saa. “Afande,” anasema, “samahani. Naomba tumwite mwamuzi.”