Somo la Redio: Shaba Ndani ya Ini

Leo tutajifunza habari za ini na urithi.

Chakula chetu kina shaba kidogo sana, nayo mwili huihitaji. Ile inayozidi, ini huitoa pamoja na nyongo. Lakini wako watu wachache ambao ini lao haliwezi kuitoa. Shaba hujaa, huharibu ini, na mara nyingi ubongo pia. Huu ndio ugonjwa wa Wilson, daktari aliyeueleza huko London mwaka 1912.

Asili yake ilijulikana mwaka 1993: ni jeni moja yenye kosa. Jeni ni nini? Ni maagizo ya mwili tunayorithi kwa baba na mama. Mgonjwa amerithi kosa hilo kwa wote wawili, ingawa wao ni wazima.

Basi, sikilizeni vizuri. Mtoto mmoja akiugua, kila ndugu yake wa baba na mama mmoja naye yumo hatarini, nafasi moja katika nne. Asingoje kuumwa. Damu yake ipimwe, jeni itazamwe. Akionekana anao, atatumia dawa maisha yake yote, na ini lake laweza kusalimika.

Swali: Kwa nini tumpime ndugu aliye mzima? Jibuni katika madaftari yenu. Kwaherini.