Dar hadi Iringa kwa baiskeli, na mume asiyekuwepo

Wiki hii naomba tuweke pembeni habari za nani kaachana na nani. Nataka nikusimulie nilivyotoka Dar es Salaam hadi Iringa kwa baiskeli, peke yangu, siku 7, nikilala kwa watu nisiowajua. Na nikusimulie pia habari za mume wangu, ambaye hayupo.

Usicheke kwanza.

Mimi mtoto wa Temeke. Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa mtu wa kuandikaandika magazetini, na karibu kila nilichoandika nimekiandika nikiwa nimekaa kibarazani kwetu. Mikoani nilikuwa nakwenda kwenye misiba tu, tena usiku, usingizi mtindo mmoja. Nikaona hapana, haya si maisha. Julai 2024 nikachukua baiskeli yangu, mtumba wa Japani wenye gia 6, nikaipeleka kwa fundi akakaza spoki na kubadilisha tairi la nyuma. Nikafunga begi kwenye keria, nikatia pampu, gundi ya pancha na tyubu moja ya akiba. Iringa nina shoga yangu tuliyesoma naye. Nikamwambia anisubiri.

Mtaani wakasema nimechanganyikiwa. "Treni ya umeme imeanza mwezi uliopita, Morogoro unafika chini ya saa mbili, wewe unataka kukanyaga pedeli?" Walikuwa na haki ya kushangaa. Dar hadi Morogoro ni kilomita 190 na ushee, na Iringa ni karibu 500.

Mama mdogo peke yake hakucheka. Alinishika mkono hadi kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, nikaandikiwa barua ya utambulisho yenye picha na muhuri. Halafu akanipeleka Kariakoo, akaninunulia pete kwa machinga. Shilingi 2,000.

"Vaa," akaniambia. "Ukiulizwa, mume wako yuko Iringa, anakusubiri. Basi."

MZUNGU NA BASTOLA YAKE

Usidhani mimi ndiye mwanamke wa kwanza kupata kichaa hiki. Yuko Dervla Murphy, mama wa Ireland aliyezaliwa 1931. Alipofikisha miaka 10 alipewa baiskeli, akajiapiza kwamba siku moja ataipanda hadi India. Mwaka 1963 akatimiza, Ireland hadi India, peke yake. Na mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 60, akapanda baiskeli kutoka Kenya hadi Zimbabwe, akipita Uganda, hapa kwetu Tanzania, Malawi na Zambia. Njia nzima watu walikuwa wakimsimulia habari za gonjwa lile lililokuwa linamaliza vijana, na kitabu alichokitoa 1993 akakipa jina lenye neno letu wenyewe ndani yake: The Ukimwi Road. Alifariki 2022, bibi wa miaka 90.

Sasa, kwenye ile safari ya India mama huyu alibeba bastola, na aliwahi kuifyatua kuwafukuza mbwamwitu. Mimi silaha yangu ilikuwa pete ya shilingi 2,000. Tuendelee.

HODI KWA MWENYEKITI

Nilitoka saa 11 alfajiri. Ubungo, Kimara, Mbezi, nikiwa nimebanwa pembezoni mwa lami kama mjusi ukutani. Lori likikupita, upepo wake unakusukuma mtaroni, halafu unakuvuta tena barabarani. Kufika Kibaha mikono ilikuwa inatetemeka. Baada ya Mlandizi nikaanza kuzoea, na nilipovuka mto Ruvu nikajikuta naimba.

Utaratibu wangu wa kulala ulikuwa huu. Ikifika saa 10 jioni sikanyagi tena. Natafuta kijiji, nafunga kanga juu ya suruali, naulizia nyumba ya mwenyekiti. Namwamkia, natoa barua. Anaisoma, ananiangalia, anaisoma tena. Kisha anatoa daftari na kuandika jina langu, nilikotoka, ninakokwenda na namba ya simu, halafu anatafuta nyumba yenye mama ndani yake ya kunilaza.

Jioni ya kwanza, karibu na Chalinze, nyumba tuliyoanza nayo ilinikataa. Mama mwenyewe alitoka hadi mlangoni, akaniambia bila chuki, "Mwanangu, mgeni wa mwisho niliyemlaza hapa aliamka alfajiri akaondoka na redio. Siwezi." Nilinuna njia nzima. Ila nikiwa nimelala nyumba ya pili nikawaza: mimi nimekuwa nikiogopa wenyeji tangu Temeke. Kumbe nao wananiogopa mimi.

MUME ANAOTA NDEVU

Siku ya pili ndipo mambo yalipoharibika. Cheni ilikatika kabla sijafika Mikese, milima ya Uluguru naiona kwa mbali, jua linazama. Mwenyekiti wa kijiji kimoja, jina lake nalihifadhi, akanipeleka kwa bibi mmoja anayeishi na mjukuu wake, kijana wa bodaboda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Peke yako?"

"Nakwenda kwa mume wangu, Iringa."

Jamani, uongo una njaa. Ukiulisha tonge moja unataka sahani. Bibi akauliza mume anafanya kazi gani. Nikasema mwalimu wa sekondari. Mna watoto? Bado, bibi. Muda gani tangu muoane? Mwaka. Mbona hakuja kukuchukua? Ana mitihani ya kusahihisha. Kufika wakati wa kula ugali na mlenda, mume wangu alikuwa na kabila, urefu na ndevu. Nilikuwa namjua vizuri kuliko washikaji wengi wa Temeke.

Nyumba ile ilikuwa na kitanda kimoja. Bibi akanilaza mimi juu yake, yeye akatandika mkeka chini. Nilikataa mpaka nikachoka. Mjukuu wake akaitengeneza cheni yangu usiku ule ule kwa tochi ya simu, akakataa hela.

Asubuhi naaga, namwona bibi anakuja na mtetea mwekundu, miguu imefungwa, ndani ya kikapu.

"Mpelekee mwenzio. Mwanamke haendi kwa mumewe mikono mitupu."

Nikabaki mdomo wazi. Hapo ndipo ningesema kweli. Ningesema, bibi, hakuna mtu, ni mama mdogo na pete yake. Lakini mdomo ulikuwa mzito kama jiwe. Nikapokea kuku kwa mikono miwili, nikashukuru, nikamfunga juu ya keria, nikaondoka na aibu yangu.

KUKU ANADAIWA NAULI

Msomaji, umewahi kusafiri na kuku kwa baiskeli? Kwenye mteremko anapiga kelele, kwenye mlima ananyamaza kana kwamba anakuhurumia. Morogoro mjini watoto walinikimbilia wakiita "Mama Kuku!" Kila nikipumzika lazima nimtafutie maji na chenga za mahindi kabla ya kujitafutia mwenyewe.

Nilipita Melela, ng'ombe wa Wamasai wanavuka barabara bila haraka, nikalala Doma. Kesho yake sikupanda baiskeli. Mbele yangu kulikuwa na Hifadhi ya Mikumi, na barabara kuu inaikata kwa kilomita kama 50. Humo kuna simba na tembo, si mahali pa kujaribia pedeli. Nikapakia baiskeli kwenye basi dogo. Konda akadai nauli yangu, ya baiskeli na ya kuku. Nikamwuliza kuku amekaa siti namba ngapi? Basi zima likaangua kicheko, kuku akasafiri bure. Dirishani niliona twiga watatu na nyati wasiohesabika.

Siku ya tano ndiyo ilikuwa kimbembe. Kutoka Mikumi mjini nilishuka bonde la mibuyu, joto kama tanuri, nikaingia Ruaha Mbuyuni jioni. Pale vitunguu vimepangwa barabarani pande zote mbili. Nimesimama kibandani nanunua maji, jamaa mmoja akanisogelea, akashika usukani wa baiskeli. Unakwenda wapi dada, unalala wapi, baki hapa. Nikamwonyesha pete. Akacheka: "Pete hata mimi ninayo." Hakuachia usukani.

Mwili ukanifa ganzi. Ndipo mama mmoja muuza vitunguu akapaza sauti ng'ambo ya barabara.

"Wewe binti! Huyo kuku wa nani?"

"Wa bibi yangu, Mikese. Nampeleka Iringa."

"Mzigo wa bibi unaulaza kibandani? Njoo huku."

Yule jamaa akaachia usukani mara moja. Nilivuka barabara miguu haina nguvu. Mama yule alinipeleka kwa mwenyekiti, nikaandikwa, kisha akanilaza kwake na binti zake wawili. Usiku ule kuku akataga yai. Nikamwachia mwenye nyumba.

Kesho yake Kitonga. Hapo sina la kujisifu. Nilisukuma baiskeli karibu mlima mzima, malori yanapanda polepole kwa kunguruma, yanayoshuka yananuka breki. Madereva walinipigia honi, mmoja akanirushia chungwa. Jioni nikafika Ilula, nchi ya nyanya, baridi ya Julai inatoboa mifupa. Nikaamkia "Kamwene!" nikaitikiwa, nikapewa blanketi mbili, na kuku akawekwa jikoni karibu na moto. Siku ya saba, saa 6 mchana, niko Iringa mjini. Shoga yangu alipiga vigelegele, kisha akauliza, "Sasa huyu kuku?"

SIMU KWA BIBI

Sikuthubutu kumchinja. Jioni ile nilimpigia yule mjukuu wa bodaboda, nikaomba kuongea na bibi.

"Bibi, nimefika salama. Lakini nina neno. Mimi sina mume."

Kimya. Halafu nikasikia kicheko kinapanda taratibu.

"Mjukuu wangu, ile pete imekuacha kidole kijani. Nilikiona tukinawa mikono."

Nikakiangalia kidole. Kweli, kijani kama ukuta wa kisima.

"Sasa bibi, mbona ulinipa kuku?"

"Ili uwe na kitu cha watu. Binti peke yake njiani anaulizwa yeye ni wa nani. Mwenye kuku anaulizwa kuku ni wa nani. Wakijua umetumwa, wanajua yuko anayekutazamia."

Nikamkumbuka mama wa vitunguu. Nikataka kucheka, lakini bibi alikuwa hajamaliza.

"Ila ungeniambia kweli ningelala. Usiku ule sikulala. Nilikuwa najiuliza, huyu mtoto anamkimbia nani, na huyo mtu akija kugonga mlango wangu usiku, nitafanya nini na uzee huu?"

Hapo ndipo nilipochoka, msomaji. Mimi nilidhani uongo wangu haumgusi mtu. Kumbe nilikuwa juu ya kitanda chake nakoroma, yeye kwenye mkeka, macho kodo, anailinda nyumba dhidi ya mume niliyemtunga mwenyewe.

Nilirudi Dar kwa basi, lakini nikashuka njiani. Nilimpelekea bibi kitenge, sukari na kipande cha sabuni. Pete sikuvaa. Kuku yuko Iringa kwa mama wa shoga yangu na anaendelea kutaga.

KAMA UNATAKA KUJARIBU

Maana najua kuna mmoja wenu ameshaanza kuangalia baiskeli ya kaka yake. Pata barua ya serikali ya mtaa, bila hiyo mwenyekiti atakuwa na haki ya kukukatalia. Anza alfajiri, simama saa 10 jioni, usikanyage usiku hata kwa bunduki. Beba maji lita 3, Mikumi panda gari. Kila asubuhi mpigie mtu wako mmoja umwambie umelala kwa nani. Na usiingie nyumba ya mtu mikono mitupu, hata nusu kilo ya sukari inasema mengi.

Kuhusu pete sitakudanganya. Dada zangu, barabarani nitaivaa tena, na sitamlaumu msichana anayejikinga kwa anachoweza kununua. Kibandani, kwenye basi, kwa jamaa anayeshika usukani, mume wangu yupo, mwalimu, ana ndevu. Lakini nikishavuka kizingiti, mwenye nyumba akinikaribisha na kunitandikia, navua. Aliyekupa kitanda chake anastahili kujua amemlaza nani.

Tukutane wiki ijayo. Msinisumbue kumtafuta mwalimu wa Iringa, bado anasahihisha mitihani.