Markus Wolf na mafaili ambayo sisi hatujayaona



Leo nataka kueleza kidogo khabari za mtu aliyeitwa Markus Wolf. Vijana wengi hawajapata kumsikia, lakini sisi wa Unguja na Pemba, popote tulipo, anatuhusu. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa nje wa Ujerumani Mashariki kwa muda wa miaka 34 hivi, na mwaka 1964 alifika mwenyewe Zanzibar.

Nani khasa huyu? Kazaliwa 1923 katika mji wa Hechingen, kusini ya Ujerumani. Baba yake, Friedrich Wolf, alikuwa daktari na mtunzi wa michezo ya kuigiza, Myahudi na tena mkomunisti. Hitler aliposhika madaraka 1933 mtu wa namna hiyo hakuwa na pa kukaa. Ikabidi aile ihame, na mwaka 1934 wakafika Moscow. Kijana akakulia huko, Kirusi akakisema kama wenyewe. Kwa hivyo na yeye alianza kama mkimbizi, kama wengi wetu.

Vita vilipomalizika 1945 alirejea Berlin, akafanya kazi redioni, na akaripoti kesi za wakuu wa Kinazi kule Nuremberg. Baadae akapelekwa ubalozini Moscow. Mwishoni mwa 1952, hata miaka 30 hajatimiza, akakabidhiwa idara ya ujasusi wa nje, ambayo mwaka uliofuata iliingizwa katika wizara ya usalama, ile maarufu kwa jina la Stasi. Akakaa hapo mpaka 1986.

Kazi aliiweza, hilo hata maadui zake walikubali. Aliwatuma vijana wa kiume Bonn kuwatongoza makatibu wa maofisini waliokuwa wakiishi peke yao, na siri za serikali zikatoka kupitia mapenzi. Mtu wake mmoja, Günter Guillaume, alifika mpaka kuwa msaidizi wa Kansela Willy Brandt. Alipokamatwa Aprili 1974, Brandt alijiuzulu mwezi uliofuata. Na muda wote huo nchi za Magharibi zilikuwa hazina hata picha ya Wolf ya kuaminika, mpaka 1979 alipotambuliwa na afisa wake mwenyewe aliyekimbilia upande wa pili.

Sasa tuje kwetu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilikuwa nchi ya mwanzo ya Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki. Wao wakaleta madaktari na walimu, na zile nyumba za ghorofa za Kikwajuni tunazozijua sote ni kazi yao. Mema yao tusiyakatae. Lakini pamoja na hayo walileta wataalamu wa usalama kuwafundisha watu wetu, na Wolf mwenyewe kaisimulia safari yake ya Zanzibar katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1997.

Wolf alikuwa na utetezi wake: yeye shughuli zake ni nje, mambo ya kuwapeleleza raia wa ndani ni ya wengine. Lakini wizara ilikuwa moja na waziri wake mmoja, Erich Mielke. Hadi 1989 ilikuwa na waajiriwa kiasi cha 91,000, na wapashaji khabari wa siri kiasi cha 189,000, katika nchi ya watu milioni 16. Jirani anamwandika jirani.

Sisemi kwamba Mjerumani ndiye aliyewatia watu wetu ndani bila ya kesi. Hayo tuliyafanya wenyewe kwa wenyewe. Kassim Hanga na Othman Shariff walirejeshwa Zanzibar 1969, na hawakurudi tena kwa watu wao. Na wapo wengi wasio na majina makubwa. Mpaka leo wazee wetu, hata akiwa yupo Muscat au London, akitaka kusema neno la siasa kwanza anatizama mlangoni.

Khasa ninalotaka kulisema ni hili. Ukuta wa Berlin ulianguka Novemba 1989. Tarehe 15 Januari 1990 wananchi wakaingia wenyewe makao makuu ya Stasi kuzuia mafaili yasiangamizwe. Yaliyosalimika, ukiyapanga, ni kiasi cha kilomita 111. Ikapitishwa sheria, na tokea Januari 1992 mtu yeyote anaweza kuomba faili lake, akalisoma, akajua nani alimchongea. Wolf naye akafikishwa mahkamani. Hukumu ya mwanzo, ya 1993, ilitenguliwa. Ya 1997, kwa makosa ya kuwaweka watu kizuizini na kuwadhuru, ilikuwa miaka miwili ya nje. Kafariki 9 Novemba 2006, siku ile ile ulipoanguka Ukuta.

Haki kamili hiyo? Hapana. Idara ya Wolf iliruhusiwa kuangamiza karibu mafaili yake yote mwaka 1990, na humo ndimo zilimokuwa khabari za nchi za nje, na sisi tukiwemo. Lakini angalau mwalimu aliulizwa. Wanafunzi wake kwetu nani kawauliza? Tanzania ilipata sheria ya idara ya usalama mwaka 1996, na ya haki ya kupata taarifa 2016, lakini hii ya pili inaruhusu kuzuiwa kwa yanayogusa usalama wa taifa. Kwa hivyo mjane wa aliyechukuliwa 1964 hana dirisha la kwenda kugonga.

Basi ushauri wangu ni mdogo tu. Kama serikali haitufungulii makabati, sisi tunao wazee, na kila mwaka wanapungua. Kaa na mzee wako, muulize, andika: jina, mtaa, mwezi, mwaka, nani aliyemwona mara ya mwisho. Usitie chumvi wala usimtuhumu mtu kwa kusikia. Siku milango ikifunguliwa, tutakuwa na la kulinganisha nalo.

Mwenye la kuongeza au kunisahihisha, karibu.

Wasalaam.