Mkukusu wa Kilimanjaro

Mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopata kupimwa barani Afrika umo nchini Tanzania, katika bonde la mbali la mlima Kilimanjaro. Ni mkukusu, na urefu wake ni mita 81.5, sawa na jengo la ghorofa 27 hivi. Mkaratusi wa Limpopo, Afrika Kusini, uliofikia kimo kama hicho, ulikuwa mti wa kigeni, nao ulikufa mwaka 2006.

Mtafiti Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, aliiona mikukusu hiyo takriban miaka 20 kabla ya kutangaza kimo chake mwaka 2016. Alikawia kwa sababu vifaa vya kuaminika havikuwapo, na jicho la mwanadamu halina mizani ya urefu. Siku hizi mpimaji husimama kando, akaelekeza mwale wa leza kileleni, kisha shinani. Kwa umbali na pembe, hesabu ya pembetatu hutoa jawabu. Ugumu ni kukiona kilele chenyewe, kwani msituni matawi hukisitiri, na tawi lililomwelekea mpimaji humhadaa.

Mikukusu kumi mirefu zaidi ilikuwa kati ya mita 59.2 na 81.5, na umri wake ulikadiriwa kupita miaka 500. Udongo wa volkano, joto na mvua ndivyo vilivyoikuza. Lakini ukataji haramu wa miti unaitishia, ndiyo maana watafiti walihimiza bonde hilo liingizwe ndani ya hifadhi ya taifa.