Mita ya Upepo: Tafuta Inayoelea, Wachana na ya Kuflex

Maze, ka unaendesha dinghy kwa Kilifi Creek, leo tuko serious. Kuna masee hadi wa leo wanapima upepo na kidole yenye mate. Mzae analamba, anainua mkono, anakunja uso, anatoa verdict: "Kusi ya leo ni ya kawaida." Kawaida ni knots ngapi, buda? Kimya.

Cheki hii hesabu. Scale ya Beaufort, ile ya 1805, inaweka knots 11 hadi 16 zote kwa force 4. Ukiangalia bahari ni povu jeupe kila mahali, unaona mambo ni yale yale. Zii. Nguvu ya upepo inapanda na square ya speed. Upepo ukidouble, tanga inasukumwa mara nne. Hapo tu ndani ya force 4, knots 16 inasukuma mara mbili na kidogo kushinda knots 11. Jicho haishiki hiyo tofauti. Mate nayo ndio kabisa.

So unasaka mita. Rada ndio hii.

Ziko zile ndogo za plastiki za kuorder online, bei chee, zinakaa kabambe yenye imemeza feni. Kwa rooftop ya mtaa zitasoma fiti tu. Ngori ni maji. Nyingi si waterproof, na dinghy itapinduka, hiyo usibishe. Kutoa mita imekufa mbele ya mbogi ni kuchoma picha.

Alafu kuna vikombe na kuna feni. Vikombe vitatu vinazunguka hata upepo ukitoka wapi, hulengi chochote. Poa sana, lakini vinakaa nje nje, ukivikalia vimeisha. Feni imejificha ndani ya body, inaingia mfuko ya life jacket. Ila lazima uielekeze joshi kabisa. Ukiishika upande, inasoma chini, na wewe unaamini. Bado, mimi ni team feni.

Yangu ya kushow morio ni Kestrel 1000. Inakupa upepo wa saa hii, average, na gust kubwa. Basi. Maji haiingii (ni IP67), inaelea, na feni unaichomoa unaweka ingine mwenyewe. Hapo ndio unaokoa ganji, juu chumvi inakula bearing pole pole, so isuuze na maji ya mfereji kila ukitoka baharini. Bei ni karibu dola 100 huko Marekani, na bado shipping na ushuru ziko njiani. Inauma, sikatai. Lakini msee akiruka hadi Kestrel 5500 yenye bei ni mara kadhaa, ati juu inasoma pressure, humidity na crosswind, huyo anaflex. Hiyo ni ya wapiga shabaha na wazima moto wa msitu. Humidity ya Kilifi unaijua: shati imeshika mgongo.

Sasa kusoma. Usisimame nyuma ya mikoko ama makuti, hapo upepo umekatwa. Toka wazi, inua mkono juu ya kichwa, kaa mbali na tanga, ngoja dakika mbili. Average hukuambia safari itakuwa aje. Gust ndio hupindua boti. Ukiona average 12 na gust 20, punguza tanga ukiwa bado ufuoni.

Na ukiwa unamove, chanuka. Upepo halisi ni knots 12, unaenda nao kwa knots 4, mita itasoma 8. Unajiona sonko wa creek. Geuza pua uanze kubisha, zile 4 hazikusaidii tena, zinaongezeka kwa upepo, na mita inapita 12 mbio.

Mzae atakushow babu yake alifika Lamu bila hiyo kidude. Alikuwa kwa jahazi, na wanaume kibao wa kushika kamba. Wewe uko solo kwa Laser ya mita 4.2. Mwache aendelee kulamba.

Kusi inaanza kushika around April. Ka doh haijatosha, changeni masee wanne wa base mnunue moja ya wote. Lakini iwe inaelea.