Kalamu Ikikauka, Mwandikie Mmoja



Tangu Ramadhani iliyopita kalamu yangu iliniasi. Kila usiku baada ya Isha, hapa Majengo ya Pumwani, Nairobi, niliketi mbele ya karatasi. Nikaanza, nikafuta, nikalala. Nilidhani nimeishiwa na maneno. Kumbe maneno yalikuwapo. Nilikuwa nikiwaandikia watu wote, huku nikihofu wanazuoni watasemaje.

Aliyenifungua ni Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate. Mwaka 1858, akiwa mjane tena mgonjwa, alitunga utendi wake mashuhuri. Alianza kwa kumwita mmoja tu: binti yake, Mwana Hashima, apate kumwachia wasia. Kwa kumlenga huyo mmoja, akawafikia wengi hata leo.

Nami nikamwandikia binti yangu aliyeolewa Lamu, nikimweleza jinsi marehemu bibi yake alivyokuwa akituamsha kwa sala ya Alfajiri. Kurasa mbili zikajaa kabla chai haijapoa.

Enyi akina mama wa Eastleigh, Kaloleni na Umoja, mliofunga madaftari tangu mjaliwe watoto, msingoje faragha wala ufasaha. Baada ya Alfajiri, kabla watoto hawajaamka, semeni Bismillahi, mwandike mistari mitano kwa mtu mmoja mumpendaye. Msifute leo, makosa yatasahihishwa kesho.

Mwenyezi Mungu ameapa kwa kalamu katika Suratul Qalam. Tusiiache ikauke mikononi mwetu, kwani wasia usioandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.